Kadi Iliyo Chini ya Barafu

Kiseke, Mwanza
9 Machi 1998

Kaka Revocatus,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie dawa ya mguu nimeshainunua na itakuja na mtu wa kwanza ninayemwamini atakayepanda meli ya Nansio. Sisi huku hatujambo. Shangazi Wilhelmina aling'oa jino wiki iliyopita na tangu siku hiyo anaongea na nyumba nzima kwa mkono, kama askari wa barabarani. Mvua imeanza. Kiseke ni tope tupu, ninavaa viatu vya plastiki hadi kituoni na kubadilisha njiani.

Kazi ya maabara hapa kiwanda cha samaki inaendelea. Bado nafurahi kila ninapovaa koti jeupe, ingawa kazi yenyewe ni kupima maji na kuandika joto la samaki mara sita kwa siku.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu. Kuna mama anaitwa Bernadeta, anakaanga mapanki pale Mkuyuni. Anakuja kiwandani kila asubuhi kuchukua vichwa na mifupa inayobaki baada ya sisi kutoa minofu, na matumbo anayakausha anachanganya na pumba za kuku wake. Kuku wake kumi na mmoja wamekufa kwa siku moja. Hawakuugua, walianguka tu, shingo zimepinda. Yeye mwenyewe aliharisha siku mbili. Hajui ni matumbo ya siku gani, maana anakausha mengi na kuyachanganya.

Mwishoni mwa Februari niliona sangara ambao hawakuwa na alama ya wavu shingoni wala jeraha la ndoana mdomoni. Walikuwa wazima kabisa, kama waliolala. Niliwashangaa, nikaandika joto lao, nikaendelea na kazi. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Wiki hiyo tulipokea samaki walioteremshwa kwenye mialo mitano. Buhendi ulikuwemo. Kaka, kuna mtu hapo mwaloni anayemwaga ziwani dawa ya wadudu wa pamba ili kuua samaki? Tafadhali nijibu bila kuzunguka.

Mdogo wako,
Paskazia


Mwalo wa Buhendi, Ukerewe
26 Machi 1998

Mdogo wangu Paskazia,

Marahaba. Barua yako ilikaa Nansio siku tisa kwa sababu karani aliiweka chini ya gunia la sukari, akaikumbuka sukari ilipokwisha. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Anatembea hadi kisimani na kurudi, ila akirudi anataka watu wamwone amerudi. Muhogo wa bondeni tumeutoa, umekuwa mzuri kuliko wa mwaka jana. Mbuzi mweupe kazaa mapacha.

Magugu maji yametuziba. Asubuhi unaamka unakuta mwalo umekuwa shamba la kijani, unasukuma mtumbwi nusu saa ndipo uyaone maji. Mzee Chenge, ambaye unajua navua kwake, anasema ziwa limeota ndevu.

Umeniandikia kama hakimu wa mahakama ya mwanzo. Kuku wa Mkuyuni wanakula nini kisichoua? Wanaparua jalala la mji mzima. Na dawa ya pamba siku hizi ipo kila duka. Zamani ilikuwa ukaipangie foleni kwenye chama cha ushirika, unaandikwa na shamba lako linajulikana. Sasa chama kimelala, ipo rafuni kati ya chumvi na kibiriti, na ananunua mwenye pamba na asiye na pamba. Hapa watu wanapiga kwenye nyanya. Huwezi kumtazama mtu mkononi ukajua anakwenda nayo wapi.

Samaki ni samaki, Bi Maabara. Wengine wanakufa vibaya, wengine vizuri.

Mama anauliza utakuja Pasaka? Jitahidi uje. Kuna jambo nataka ulione kwa macho.

Kaka yako,
Revocatus


Kiseke
6 Aprili 1998

Kaka,

Shikamoo. Pasaka sitakuja. Kiwanda hakifungi, na tangu yatokee haya sipendi kuwa mbali na kile chumba. Nimefurahi kuhusu mguu na muhogo na mapacha wa mbuzi. Shangazi amepangisha chumba cha mbele kwa fundi redio, basi tunasikiliza stesheni tatu kwa mpigo.

Nimeisoma barua yako mara nne. Umejibu kuhusu kuku, duka, chama cha ushirika, nyanya. Niliuliza neno moja na hilo hukuligusa.

Nikueleze mambo yalivyo, usije ukasema hukujua. Samaki wa Februari hawajaondoka. Wamegandishwa, wako kwenye chumba cha baridi, marundo tisini kwa safu moja inayofuata kuta tatu. Wataondoka kwenda nje ya nchi Ijumaa tarehe 29 Mei. Kila rundo ni la mtumbwi mmoja, na limebandikwa kadi yenye namba ya mapokezi, mtumbwi, mwalo na mwenyewe. Daftari la ofisini haliandiki mtumbwi, linaandika boti ya kukusanya tu. Kwa hiyo ukweli uko kwenye kadi, na kadi iko chini ya barafu nene kama kidole.

Nilimwendea mkuu wangu wa maabara, Vipul. Ni kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Mirongo, mtu wa maneno machache. Nilimwambia kuhusu kuku. Akasema, "Dada, kipimo cha sumu hapa hatuna. Naweza kutuma nje kipande kimoja. Siyo tisini, kimoja. Nionyeshe rundo na nitalitoa siku hiyo hiyo. Bila rundo, siwezi kumwambia mwenye kiwanda atupe chumba kizima kwa sababu ya kuku."

Hakosei. Ila maana yake ni kwamba nisipojua ni rundo lipi, yote tisini yatapanda ndege na watu wataketi mezani na watoto wao. Na wakiugua huko, hakuna atakayenunua tena samaki wa Buhendi wala wa mwalo wowote.

Aliyeuza alipewa kipande cha stakabadhi chenye namba. Nitafutie hiyo namba tu, jina sikuombi.

Paskazia


Buhendi
27 Aprili 1998

Paskazia,

Huku ni wazima. Mama anakusalimu. Mvua imeng'oa bati mbili za jikoni, nimezirudisha.

Namba ni 640. Ni samaki wa Chenge. Nimeiona kwenye stakabadhi yake alipoiacha juu ya meza.

Usimwambie mtu umeipata kwangu.

R.


Kiseke
8 Mei 1998

Kaka Revocatus,

Shikamoo. Mama mpe salamu. Leo sina habari nyingine za nyumbani, isipokuwa vidole vya mkono wa kulia bado havijarudi vizuri na ndiyo maana mwandiko umelegea.

Niliingia chumba cha baridi juzi, saa ya chakula cha mchana. Mzee Nestory, mkuu wa wabebaji, alinipa koti lake na kuniambia nisizidi dakika tano, nitoke nipashe mwili, nirudi. Kadi moja inachukua karibu dakika nzima kuikwangua kwa kisu cha minofu. Kwa hiyo kadi tisini hazikwanguliki. Mtu angelala humo humo.

Nikamuuliza yamepangwaje. Akasema, "Kwa namba, ndogo kwanza kubwa mwisho. Foleni ni foleni." Namba zinapanda lakini zinaruka, kwa sababu mizigo mingine iliuzwa mibichi. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba mlango unavuja joto. Kila baada ya muda wanayatoa marundo ya mlangoni, wanasukuma mengine mbele, na yale ya mlangoni wanayapeleka mwisho kabisa wa safu, kwa mpangilio wake ule ule.

"Mlihamisha mangapi?"

"Mpaka tukachoka."

"Mlichoka kwenye la ngapi, mzee?"

"Binti, aliyechoka hahesabu."

Basi nikakaa kwenye ngazi nikafikiri. Safu haikuvurugika, ilikatwa mahali pamoja, mkia ukawekwa mbele ya kichwa. Inapanda, inaanguka mara moja, inaanza kupanda tena. Sikujua inaanguka wapi. Lakini ukisimama katikati, anguko ni moja tu, haliwezi kuwa pande zote mbili. Upande mmoja lazima uwe mzima. Na upande ulio mzima unajieleza kwa kadi zake mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Ukiona namba yako iko kati ya hizo mbili, unaingia humo na kuuacha upande mwingine wote. Kama haipo kati yao, unaacha huo mzima na kwenda kwenye uliovunjika, unasimama tena katikati, unauliza swali lile lile.

La mlangoni lilikuwa 402. La mwisho kabisa 396, dogo kuliko la kwanza, ndipo nikajua Nestory kasema kweli. La arobaini na tano lilikuwa 702. Kutoka 402 hadi 702 ni kupanda, basi nusu ya mbele ilikuwa nzima, na 640 ilipaswa kuwa humo. Marundo arobaini na tano ya nyuma nikayapa kisogo bila kuyagusa. La ishirini na mbili, 538. La thelathini na nne, 617. Nikatoka nje nikajipasha joto, Nestory akanipa chai ya rangi na kusema midomo yangu imekuwa kama ya kambale. Nikarudi. La arobaini, 661. La thelathini na saba, 648. La thelathini na sita, 633.

Kadi nane. Unajua maana yake, kaka? Rundo la 633 na la 648 yamegusana. Kati yao hapapiti hata kisu. Kama marundo yangetupwa ovyo, ningesema labda sikutafuta vizuri, labda liko kona nyingine. Yamepangwa, kwa hiyo kutoliona ni jibu. Namba 640 haimo chumbani.

Nikauliza ofisini kama iliwahi kuwemo. Ni ya mzigo ulionunuliwa na hoteli hapa hapa mjini tarehe 27 Februari, samaki wa ndoana kutoka mwalo mwingine kabisa. Chenge hajawahi kuwa na 640.

Kwa hiyo uliitunga. Mtu anayetunga namba haongozwi na kutojua. Anajua ni ipi, akaruka mbali nayo. Na umeweka jina la mzee aliyekufundisha kushika kasia.

Zimebaki wiki tatu. Sijui unamlinda nani. Nimejaribu kumwaza kila mtu wa Buhendi ninayemfahamu, na kila mara nasimama mahali pamoja na kukataa kuendelea. Unisaidie nisiendelee.

Paskazia


Buhendi
17 Mei 1998

Paskazia,

Barua yako niliisoma nikiwa mwaloni nikaikunja. Mama akaniuliza Paskazia anasemaje, nikamwambia anasema kuna baridi.

Chenge hahusiki. Nilimsingizia na nimekwenda kumwomba radhi ingawa yeye hakujua nimemsingizia. Alinitazama tu akasema, "Wewe una homa."

Nikueleze ninavyoweza. Nyavu ziliibwa Januari, zote, zikiwa majini. Magugu yakaja. Siku kumi na mbili mtumbwi ulirudi na maji tu. Wavuvi waliokuwemo walikuwa wanakaa chini mchangani bila kusema kitu, na hiyo ni mbaya kuliko kutukanwa. Mtu mmoja akasema kuna njia. Nilijua ni njia gani. Ilikuwa asubuhi moja tu. Walielea weupe juu ya maji, wengi, na hakuna aliyefurahi, hata mimi. Nilifikiri wataenda mbali. Sikufikiri kuhusu matumbo. Mtu akiuza samaki kiwandani hafikirii kwamba matumbo yanabaki Mwanza.

Nyumbani hatukuleta hata mmoja. Mama hakula. Sasa naona kwamba hapo ndipo nilipojua vizuri zaidi ninachokifanya.

Namba ni 417.

Usiniulize mtumbwi ni wa nani. Umeandikwa kwenye kadi. Kama hutaki kuuona, mpe mtu mwingine akwangue.

Revocatus


Kiseke
Jumatano, 27 Mei 1998

Kaka Revocatus,

Shikamoo. Mwambie Mama dawa nyingine ya mguu nimeifunga pamoja na barua hii. Anywe moja asubuhi na moja jioni, baada ya kula.

Barua yako ilinifikia juzi Jumatatu. Jana asubuhi nikaenda kwa Nestory, nikamkuta anafuta jasho. Walikuwa wamehamisha safu tena, kuandaa upakiaji wa Ijumaa. Sikumuuliza walichoka wapi. Nilichukua koti.

Wakati wote nilipokuwa nahesabu hatua nilikuwa na neno moja kichwani: haipo. Ningeweza kulisema tena. Ningetoka nje, midomo ya kambale, nimwambie Vipul, "Nayo haipo," naye angeamini kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia kweli. Hakuna mtu mwingine ambaye angekwangua. Nakuandikia hili ili usidhani lilikuwa jepesi.

La mlangoni, 655. La mwisho, 648. La katikati, 331, dogo kuliko la mlangoni, kwa hiyo safari hii anguko lilikuwa mbele na nusu ya nyuma ndiyo nzima. Kutoka 331 hadi 648, na 417 iko humo. Nikaiacha nusu ya mbele. La sitini na nane, 491. La hamsini na sita, 411. Kila nilipokwangua mahali palizidi kuwa padogo, na nilianza kutamani pabaki pakubwa. La sitini na mbili, 450. La hamsini na tisa, 433. Kati ya 411 na 433 yalibaki marundo mawili. Nikasimama mbele ya la hamsini na saba. Dakika zangu tano zilikuwa zimepita. Nestory aligonga mlango, nikaanza kukwangua.

Kwanza ilitoka namba, nne, moja, saba. Halafu mwalo, Buhendi. Mstari wa mtumbwi niliukwangua taratibu kuliko yote, herufi moja moja kutoka kushoto. Ilipofika ya nne nilikuwa nimeshaelewa, lakini niliendelea mpaka ya mwisho. PASKAZIA. Mwenyewe: Revocatus Mazigo.

Hukuniambia una mtumbwi. Nadhani ndilo jambo ulilotaka nilione Pasaka. Nimejaribu kuupiga picha, rangi yake, na ulivyomwelekeza fundi mahali pa kuandika jina. Sijui kama hasira niliyo nayo ni ya sumu au ni ya kwamba nimeujua mtumbwi huo kwa namna hii, na kisu mkononi. Labda nitajua baadaye.

Vipul alikuja akasoma kadi. Akasoma tena. Akaniuliza, "Ni jina tu limefanana?"

Nikamwambia ni kaka yangu.

Akavua miwani, akaisafisha kwa koti, na huku akiisafisha akasema, "Ripoti inaweza kuandikwa na mtu mwingine. Nitaandika mimi. Wewe ulikuwa mapumziko."

Nikamwambia ni mimi niliyelipata.

Rundo limetolewa, liko peke yake kwenye chumba kidogo, limefungwa kufuli. Kipande kimekwenda na ndege ya jana jioni. Ijumaa yatapanda themanini na tisa. Bernadeta nimemwambia amwage matumbo yote aliyo nayo. Amenitukana kwanza, kisha akamwaga.

Maafisa wa uvuvi watapanda meli ya kesho Alhamisi. Barua hii inapanda ya leo, mkononi mwa mtu ninayemwamini. Hiyo ni siku moja, na nimeipima sana kabla ya kukupa. Sikukupa ili ukimbie. Buhendi ina maji pande tatu na unajua kila kisiwa, najua unaweza. Nimekupa ili uende mwenyewe ofisi ya kijiji kabla hawajateremka, umtaje aliyekuonyesha njia, uwape chupa kama imebaki. Na kabla ya hapo umwambie Mama, kwa maneno yako. Asiisikie gatini. Usimwambie ni baridi.

Mtu akiniuliza kama nilikuandikia, nitasema ndiyo.

Ripoti ni karatasi moja. Ina nafasi ya namba, ya mwalo, ya mtumbwi, ya mwenye mtumbwi, na chini kabisa nafasi ya aliyekagua. Nimeijaza kwa kalamu, mkono ukiwa umeshapata joto, kwa mwandiko ule ulionifundisha wewe kabla sijaanza shule. Jina lako limeandikwa mara moja. Langu mara mbili.

Paskazia